Pomboo na Ndege wa Kisite: Kwa Nini Nahodha Huenda Pole

Kusini ya Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna kijiji cha Shimoni. Asubuhi mashua hung'oa nanga hapo, hupita katika mkondo ulio kati ya bara na kisiwa cha Wasini, kisha huelekea visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite. Abiria huenda kuwatazama pomboo na ndege wa bahari. Mgeni huweza kudhani kuwa kazi ya nahodha ni kumsogeza karibu kadiri iwezekanavyo. Sivyo. Nahodha mwema ni yule ajuaye mahali pa kukomea.

Pomboo si samaki, ijapokuwa huishi majini. Ni mnyama anyonyeshaye watoto, naye huvuta pumzi kwa tundu lililo juu ya kichwa chake. Hutafuta samaki kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Basi mashua imfuatayo mbio kwa kelele za mtambo humvurugia mawindo na mapumziko, na yaweza kumtenga mama na mtoto wake.

Desturi iliyo njema ni hii. Nahodha aonapo mapezi hupunguza mwendo tangu mbali. Hawakatizi njia wala hawazingiri, bali huenda sambamba nao kwa utaratibu. Zikiwapo mashua nyingine, hungoja zamu yake. Abiria hawawatupii chakula, wala hawajitosi majini kuwafukuza. Pomboo wakipenda, huja wenyewe kucheza katika wimbi la omo. Wakigeuka kwenda zao, huachwa.

Ndege nao wana haki yao. Kisite ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe. Katika miezi ya kusi huzalia hapo buabua, ndege wembamba wenye mikia ya panda. Hawajengi viota mitini. Hutaga mayai juu ya mwamba mtupu. Mtu akishuka kati yao, huruka wote kwa hofu, na mayai huachwa katika jua kali au huliwa na ndege wengine. Matembezi ya dakika chache yaweza kuharibu uzazi wa mwaka mzima. Kwa hiyo wakati huo hutazamwa kutoka mashuani.

Jambo hili lawahusu sana wenyeji. Sehemu hii ya bahari ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1973. Katika Kisite, kilomita 28 za mraba, uvuvi umekatazwa kabisa. Katika Mpunguti, kilomita 11 za mraba, uvuvi wa jadi umeruhusiwa. Kwa wavuvi waliorithi maji hayo kwa wazee wao, hasara hiyo haikuwa ndogo. Siku hizi wengi wa Shimoni na Wasini hupata riziki kwa kuwachukua wageni, kuwaongoza na kuwapikia. Riziki hiyo haina ukuta wa kuizuia. Pomboo wakisumbuliwa kila siku, bahari ni pana, nao waweza kuhama. Hapo mwenyeji atakuwa amepoteza mara mbili.

Abiria naye ana wajibu. Asimshawishi nahodha kwa bakshishi ili asogee zaidi. Na achukue darubini: itamwonyesha mengi kuliko mtambo uendao mbio.