Mtoto Anapotumwa Sigara

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, jambo tunalolizungumzia leo limezoeleka mno mitaani mwetu. Baada ya swala ya alasiri baba ameketi barazani. Anamwita mwanawe aliyetoka shule, anampa sarafu na kumwagiza sigara mbili. Mtoto ni mtiifu, anakwenda mbio. Mwenye duka anafungua pakiti, anahesabu mbili, na mtoto anarudi amezishika katika kiganja kilekile kilichoshika juzuu ya madrasa. Hakuna anayestaajabu.

Tukimwuliza mtoto huyo iwapo sigara ina madhara, atajibu bila ya kusita kuwa inayo. Amefundishwa darasani, na onyo amelisoma juu ya pakiti. Basi tusidhani kuwa mtoto huingia katika tumbaku kwa kukosa kuambiwa. Shule humpa maneno, nyumba humpa kitendo. Naye hufuata kitendo. Wahenga walikwishasema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Matokeo yake yanaonekana. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2013 miongoni mwa wanafunzi wa umri wa miaka 13 hadi 15 ulionyesha kuwa karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia tumbaku ya aina fulani, na wasichana walikuwamo. Katika umri huo ubongo ungali unakua. Nikotini iliyomo katika tumbaku huufikia kwa sekunde chache tu, na huwanasa vijana upesi kuliko watu wazima. Mtoto hudhani anajaribu, kumbe anafungwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao zaidi ya milioni moja hawakuvuta wenyewe, bali walivuta moshi wa wenzao.

Tumbaku haikujulikana katika ardhi za Waislamu zama za Mtume (S.A.W.). Ilitoka Amerika, ikaenea duniani baada ya mwaka 1492, na wanazuoni wa mwanzo walikhitilafiana juu ya hukumu yake. Madhara yake yalipothibitishwa na matabibu, wanazuoni wengi wa zama zetu waliihukumu kuwa ni haramu, wakitegemea katazo la kujitia katika maangamizi lililomo katika Surat Al-Baqara, aya ya 195. Wapo wanaoshikilia kuwa ni makuruhu. Nao tunawauliza kwa upole: ni makuruhu gani mengine ambayo mzazi humtuma mwanawe akamletee? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Hivyo baba anayemtuma mwanawe humwingiza mwenye duka katika kosa. Baya zaidi, humzoesha mwenye duka kuona mkono mdogo ukipokea sigara. Siku mtoto huyo atakapokwenda kwa haja ya nafsi yake, na senti zake za kununulia mandazi, nani atamrudisha? Sigara inayouzwa mojamoja haihitaji fedha nyingi.

Wazazi wenzetu, dawa ya kwanza haina gharama: tusiwatume. Anayevuta na aende dukani mwenyewe, wala asivute mbele ya watoto wala ndani ya nyumba. Wenye maduka wamwambie mtoto kwa upole arudi akamwite baba yake. Walimu wa madrasa walitaje jambo hili waziwazi, pamoja na shisha, ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambazo vijana hudanganyana kuwa hazina neno.

Na baba aliyekwisha kunaswa asikate tamaa. Kila Ramadhani huiacha sigara tangu alfajiri hadi magharibi. Basi uwezo anao, na aombe msaada wa Mola wake na wa tabibu ili auendeleze. Akiwa bado hajafaulu, amketishe mwanawe amwambie ukweli: kwamba alianza akiwa kijana, kwamba ametamani kuacha na imemwia vigumu, na kwamba katika jambo hili asimwige. Maneno hayo ni mazito kwa mzazi kuyatamka, lakini mtoto hatayasahau.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa viigizo vyema kwao. Amin.