Paja Likivunjika, Nani Aanze? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimbeba majeruhi kutoka barabarani. Leo tuingie naye idara ya dharura.

Tuseme ni dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori maeneo ya Bahi, barabara ya Dodoma kwenda Singida. Paja limevunjika, mfupa umetokeza nje, na kichwa kimepiga lami. Ndugu zake macho yote yako kwenye mfupa. Wahudumu wanaanza kwingine: anapumua? Damu inavujia wapi? Paja lililovunjika laweza kuficha lita nzima ya damu ndani ya misuli, na mtu mzima ana lita tano hivi tu mwilini.

Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi, ambaye wengi wetu tunadhani anasubiriwa chumba cha upasuaji, yuko kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo, akilinda njia ya hewa. Maabara wanatafuta damu inayooana na yake.

Ubishi huja baada ya picha ya kichwa. Bingwa wa mifupa angependa kuingiza chuma ndani ya mfupa usiku huohuo. Bingwa wa ubongo anakataa: operesheni ndefu ikishusha presha, ubongo uliovimba utakosa damu. Wote wawili wana hoja. Mara nyingi wanakubaliana hivi: mgonjwa apewe antibayotiki mapema, kidonda kioshwe kwa maji mengi, paja lishikizwe kwa vyuma vya nje, kisha alazwe uangalizi maalumu. Chuma cha ndani kitasubiri siku kadhaa.

Lazima awepo mmoja wa kuamua, naye asishike kisu. Kwetu hilo ni gumu kuliko upasuaji wenyewe, maana daktari kijana huona haya kumwambia bingwa, "Mzee, subiri kwanza."

Majeruhi wakiwa wengi, utaratibu huu wa mgonjwa mmoja hautoshi. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani karibu na Msagali, mkoani Dodoma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Katika msiba wa namna hiyo, mtabibu mzoefu kuliko wote huenda asitibu mtu hata mmoja: anasimama mlangoni, anapanga nani atangulie, na anayepiga kelele sana mara nyingi si wa kwanza. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

Wiki ijayo: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa nini aanze kabla mshono haujatolewa.