Begi la Kila Siku: Hesabu ya Mnunuzi wa Malampaka

Ukitaka kujua begi lipi linadumu Malampaka, mwache kwanza muuzaji, nenda kwa fundi viatu. Ndiye anayeletewa mabegi mkanda ukishang'oka na zipu ikishagoma, na macho yake yameona mengi kuliko kibandiko chochote cha bei. Akikwambia aina fulani haishoneki, mwamini.

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka mingi, na Kenya ilianza Agosti 2017. Tangu hapo wengi tumezoea kutoka nyumbani mikono mitupu na kununua mfuko mbadala gengeni. Unaonekana rahisi. Tuseme mfuko ni shilingi 500 na unanunua miwili kwa wiki: kwa mwaka ni shilingi 52,000. Tuseme pia begi la mtumba ni shilingi 15,000, ukaongeza 5,000 za zipu na mshono, nalo likadumu miaka miwili: hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Weka bei za mnada wako mwenyewe; bado sioni mfuko mbadala ukishinda, labda kwa anayeutunza na kuutumia tena na tena. Hata huo una mwisho wake. Umetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizobanwa kwa joto, na jua huzila. Uache juani wiki kadhaa, utaanza kumomonyoka vidoleni.

Kwa mizigo ya sokoni, mfuko wa salfeti ulioshonwa na fundi cherehani, ukawekewa vishikio vya mkanda mpana, hauna mpinzani kwa bei. Unabeba mchele, unafungwa kwenye karia ya baiskeli, unaoshwa kwa sabuni. Ila hapa ni nchi ya pamba, na magunia mengi yanayozunguka yalikuwa na mbolea au mbegu zilizotiwa dawa. Gunia la namna hiyo halifai kubebea chakula hata ulifue mara ngapi. Tafuta lililobeba unga, mchele au sukari. Kapu la ukindu nalo ni zuri kwa nyanya na mayai kwa kuwa halilali likaponda vitu, lakini halifungiki. Kwenye msongamano wa stesheni, treni ya Mwanza ikisubiriwa, simu ndani ya kapu lililo wazi ni zawadi kwa mwenye mkono mwepesi.

Tuje kwenye begi lenyewe, la simu, kitambulisho, kadi ya bima, funguo, chupa ya maji na kanga ya akiba. Mikoba ya ngozi bandia ndiyo inayovutia macho kuliko yote, nami ndiyo ninayoipendekeza kidogo kuliko yote. Joto na jasho hubandua ngozi hiyo ya juu, ikaanza kuvuka magamba, na hapo fundi hana la kufanya kwa sababu sindano inatoboa kitu ambacho tayari kimekufa. Ngozi halisi ni habari nyingine: inashoneka, inapakwa mafuta, inazeeka kwa heshima. Inashangaza kidogo kwamba mkoa wenye ng'ombe wengi hivi bado unasubiri mikoba ya ngozi itoke mbali. Bei yake pia haimfai kila mtu.

Kwa hiyo mimi naegemea begi la mgongoni la mtumba, la kitambaa kizito cha poliesta. Lipya la bei ya chini mara nyingi lina rangi kali na mshono mlegevu. La mtumba limekwishapita mtihani wa miaka kabla ya kukufikia. Usilinunue kabla ya kulipekua. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa, hasa kwenye kona, kwa maana vumbi la kiangazi litaitafuta hapo hapo. Geuza mkanda utazame ulipoungana na begi: unataka mshono wa mraba wenye msalaba katikati, si mstari mmoja wa uzi. Ingiza mkono ndani upapase bitana. Ikiwa inanata au inatoa unga, rudisha. Kitako kiwe kigumu, au kiongezwe kipande cha turubai, maana masika udongo mweusi wa mbugani haubagui unapoweka begi chini.

Ukubwa usikudanganye. Lita moja ya maji ni kilo nzima, na begi kubwa huomba kujazwa. Mwalimu anayebeba madaftari anahitaji nafasi. Mama anayeshinda gengeni anahitaji pochi ya kiunoni yenye zipu, ibaki mwilini hata anapoinama kupima dagaa. Anayepanda bodaboda kila siku avae begi kifuani, au alibane kati yake na dereva.

Na kabla hujaondoka kwa fundi, mwombe akushonee mfuko mdogo kwa ndani, upande unaogusa mgongo, mdomo ukitazama juu. Kitambulisho na noti zikae humo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na akishakubadilishia zipu huenda asikudai hata shilingi.