Kabla ya kununua vilbrekeni ya 54, pima shimo lako

UVIRA. Kwenye barabara inayoelekea bandari ya Kalundu, motere za mitumbwi ya wavuvi zinalala mbele ya garaji kando ya piki-piki, na motopompi za machimbo nazo zinachukua nafasi yao. Hapo tulimkuta PDG mmoja wa shimo, ametoka upande wa Misisi, katika Fizi, na motopompi yake ndani ya gunia. Shimo limejaa maji. Wachimbaji wake wanakaa bure, na nyumbani kwao watoto wanangojea pesa ya masomo.

– Papa fundi, unitilie vilbrekeni ya 54. Wanasema inaongeza nguvu.

Fundi hakugusa gunia. Aliuliza tu:

– Maji iko mita ngapi chini ya pompi?

PDG alinyamaza. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hii, maana tumeona ma-PDG wengi wakinunua chuma kwanza, kiisha wanatafuta kujua shida ilikuwa wapi.

Namba 45 na namba 54

Vilbrekeni ni ile chuma iliyopinda ndani ya tumbo la motere, inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Bieli ni mkono unaoiunganisha na pistoni. Urefu wa mwendo wa pistoni unaamuliwa na vilbrekeni, si bieli. Wengi wanachanganya hapo.

Motere inayojulikana sana kwenye motopompi ndogo ni Honda GX160, pamoja na zile za kichina zilizoiga umbo lake. Silinda yake iko na upana wa milimita 68, na pistoni inatembea milimita 45. Hiyo inatoa sentimita kibu 163. Ndugu yake mkubwa, GX200, iko na upana uleule wa 68, lakini mwendo ni milimita 54: sentimita kibu 196. Silinda haikupanuka hata kidogo. Ni mwendo peke yake ulioongeza ujazo kwa asilimia 20, na nguvu ya kusukuma mzunguko inaongezeka karibu vilevile. Ndiyo maana vijana wa garaji wanaona ni jambo rahisi: toa ya 45, weka ya 54, bas.

Si rahisi. Milimita 9 za ziada zinagawanyika mara mbili: pistoni inapanda 4,5 zaidi, tena inashuka 4,5 zaidi. Ukiacha bieli na pistoni za zamani, pistoni itagonga juu, kwenye kilasi na valvu. Zile 4,5 lazima zipatikane mahali.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni bieli fupi zaidi. Lakini bieli fupi inalala sana upande wakati vilbrekeni inazunguka, inasukuma pistoni kwenye ukuta wa silinda. Ukuta unalika, segmenti zinachoka, moshi wa buluu unaanza kutoka. Ya pili ni pistoni ambayo tundu la pini yake liko juu zaidi, ili bieli ibaki na urefu mzuri. Mafundi wenye uzoefu wanapenda hii ya pili.

Kuna mitego mingine miwili. Motere hizi hazina pompi ya mafuta: chini ya bieli kuna kijiko kidogo kinachorusha mafuta kila mzunguko. Mwendo ukiwa mrefu, kijiko kinashuka zaidi na kinaweza kugonga karteri. Kikivunjika, motere inakauka na inakufa. Halafu, hewa nyingi zaidi ikibanwa katika chumba kilekile, mbano unapanda. Motere iliyokuwa na 8,5 kwa 1 inaweza kufika karibu 10 kwa 1. Kwa esanse ya chupa inayouzwa kando ya barabara, motere inaanza kugonga kama nyundo, na pistoni inaweza kutoboka.

Kwa hiyo fundi mzuri hafungi mara moja. Anaweka udongo laini juu ya pistoni, anafunga kilasi, anazungusha kwa mkono mara mbili, anafungua na kupima unene uliobaki. Asipofanya hivyo mbele yako, mwambie afanye.

Je, pompi inaihitaji?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Pompi ya maji inatoa maji kulingana na mbio ya gurudumu lake. Motere ya 45 ikishika mizunguko 3 600 kwa dakika bila kuchoka, ile ya 54 ikizunguka 3 600 itatoa maji yaleyale. Nguvu ya ziada inasaidia tu pale motere inapolia na kupunguza mbio chini ya mzigo. Hiyo utaiona kwenye konkasere ya mawe, ao kwenye milima, maana kila mita 300 ukipanda motere inapoteza karibu asilimia 3,5 ya nguvu.

Wengine wanapinda regilatere ili motere ikimbie mizunguko 5 000. Nguvu inayovuta bieli wakati pistoni inageuka juu inakuwa karibu mara mbili. Bieli ya aluminiyumu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Siku moja inakatika na kutoboa ubavu wa motere, na mtu aliyesimama karibu anaweza kuumia.

Na hata motere ya farasi mia haiwezi kufyonza maji kutoka mbali. Hewa ndiyo inayosukuma maji ndani ya tiyo. Makaratasi ya motopompi nyingi yanasema mita 8, lakini hiyo ni kwenye usawa wa bahari. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na machimbo mengi yako juu zaidi. Hesabu mita 6, ao 7 kama tiyo haivuji.

PDG wetu alipiga simu Misisi. Kijana wake akashusha kamba yenye jiwe. Jibu likarudi: mita 11.

– Njo unaona, fundi akasema. Hata nikuwekee ya 54, utarudi hapa kulia.

Usishushe motere ndani

Wakisikia hivyo, wengine wanashusha motopompi ndani ya shimo ili ikaribie maji. Ndugu zetu, hiyo inaua. Moshi wa motere umebeba gesi ya monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, miguu inalegea, analala na haamki; na anayeshuka kumwokoa anamfuata. Heri pompi ya umeme inayozama majini, jenereta ikibaki nje, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo haurudishi moshi.

Kama kweli motere yako inalemewa, nunua GX200 nzima, ao chukua vilbrekeni, bieli na pistoni za motere moja, kwa sababu zilipimwa pamoja. Usichanganye za kichina na nyingine bila kupima.

PDG alirudi na motere ya 45 ileile, segmenti mpya na karburatere iliyosafishwa. Pesa aliyokuja nayo kwa vilbrekeni ilibaki mfukoni, ianze kutafuta pompi ya kuzama. Gunia lilikuwa na uzito uleule wa asubuhi. Juu yake alifunga kamba ndefu, yenye fundo kila mita moja.