Kwa Nini Mchezaji Husamehewa na Mwalimu Hasamehewi

Katika mji wa Rumonge, kiasi cha kilomita sabini kusini mwa Bujumbura, habari hutua pamoja na samaki. Alfajiri, mitumbwi inaporejea na ndagala na mikeke baada ya usiku wa kuvua kwa taa, wavuvi, wachuuzi na akina mama wauza mawese hukutana ufukoni, na kabla bei haijapatana watu mashuhuri huwa wamekwisha kuhukumiwa. Anayesikiliza kwa makini atatambua kwamba baraza hilo halina mizani moja. Kosa likitendwa na mchezaji wa mpira, huchekwa. Likitendwa na mwalimu wa madrasa, padri au afisa wa jeshi, huzua ghadhabu. Na likitendwa na mwimbaji mwanamke, hutajwa hata mama aliyemzaa.

Mwaka 1993 alizaliwa mjini Bujumbura Saido Berahino, ambaye alipelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka kumi, akakulia huko na kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwezi Mei 2019 mahakama ya London ilimtia hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, ikamtoza faini ya pauni 75,000 na kumzuia kuendesha gari kwa miezi thelathini. Mwezi uliofuata, huko Misri, Berahino huyo huyo alivaa kitambaa cha unahodha wa timu ya taifa ya Burundi, iliyokuwa ikishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Timu ilifungwa mechi zote tatu, na Nigeria, Madagaska na Guinea, wala haikupata bao hata moja. Mwezi Agosti mkataba wake na klabu ya Stoke City ukavunjwa. Hivyo kosa moja lilikuwa mzigo mzito katika nchi alikokulia, na katika nchi alikozaliwa halikumzuia kuongoza wenzake uwanjani.

Je, Warundi hawakujua ubaya wa kuendesha gari katika ulevi? Walijua, na barabara ya ziwani ina makaburi yake ya kuwakumbusha. Ila kwa mchezaji walikuwa na haja ya kitu kimoja tu, nacho ni bao. Hakuna mzazi aliyempa mwanawe amlee, wala aliyemwendea kumwomba shauri la ndoa. Jamii humdai mtu kile ilichomwamini nacho. Mwalimu amekabidhiwa watoto. Sheikh na padri wamekabidhiwa dhamiri za watu. Askari amekabidhiwa bunduki. Hao wakiteleza, kila aliyewaamini huona kwamba ameibiwa chake, na hasira yake ina haki.

Lakini amana hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi sana. Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge hupita Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Majina hayo mawili yapo kwenye jiwe moja, lakini nchi yao haikuyapima sawasawa. Livingstone alikuwa mmisionari. Alilaani biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote, lakini mara nyingi alipokwama alikula chakula cha wafanya biashara hiyo na kusafiri katika misafara yao. Na mkewe na wanawe waliishi miaka mingi bila yeye. Hayo yalifunikwa, na mwaka 1874 akazikwa kwa heshima zote katika kanisa la Westminster Abbey, London. Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1875 aliwamiminia risasi watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria, kisha akaandika mwenyewe habari hizo kama mtu asiye na la kuficha. Kelele zilipigwa Uingereza, na alipofariki mwaka 1904 alinyimwa kaburi katika kanisa hilo. Si haki kulinganisha damu ya Bumbire na upungufu wa Livingstone. Stanley alistahili lawama aliyopata na zaidi. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mtu wa dini hufunikwa kwanza. Heshima yake ni kama mtungi wa nyumba nzima: ufa wake huzibwa kimya kimya, maana wote hunywea humo, na siku ufa unapoonekana waziwazi ndipo hutupwa nje kwa kishindo. Ukali na kufunika hutoka katika amana ile ile.

Kwa kuwa wanamichezo hawatarajiwi wema mkubwa, wema wao ukitokea hung'aa sana. Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika milima ya Makamba, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa mita 1500 duniani. Mwaka 1996 huko Atlanta, Burundi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia nafasi yake mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amekosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi yao haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo mwenyewe akaingia mita 5000, mbio asizozizoea, na akarudi na medali ya dhahabu. Padri angefanya vile, watu wangesema ametimiza wajibu wake.

Tofauti isiyo na utetezi wowote ni ile ya wanawake. Mwezi Oktoba 2017 amri ya Rais wa Burundi ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma za jadi za kifalme, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu. Miaka mitano baadaye, mwezi Julai 2022, wasichana wa Burundi walikwenda Morocco kucheza fainali za Afrika za mpira wa miguu kwa wanawake, wakavaa rangi za taifa na kushangiliwa. Msichana yule yule aliruhusiwa kubeba heshima ya nchi kwa miguu, akakatazwa kuibeba kwa mikono. Hapo hapakuwa na kosa lililotendwa. Amana yenyewe ndiyo iliyokataliwa kutiwa mkononi mwake, na aliyenyimwa amana hawezi kuonyesha kama angeilinda.

Familia za askari na polisi zinaifahamu habari hii kuliko wengi. Mume anaweza asijulikane Bujumbura, lakini mtaani kwake ni mtu mashuhuri. Mkewe akikopa dukani hutazamwa, na mwanawe akigombana shuleni huambiwa kwamba ni mtoto wa fulani. Naye askari huyo, mwenye roho moja na ulimi mmoja, hupimwa kwa mizani mbili katika juma moja. Jumapili alasiri, akiwa uwanjani na jezi yake, humtupia refa neno kali na watazamaji wakaangua kicheko. Jumatatu asubuhi, akiwa na sare kwenye kizuizi cha barabara, neno lile lile akimtupia dereva wa basi, litakuwa limemfikia mkuu wake kabla jua halijazama nyuma ya milima ya Kongo.