Ngumi Isiyofika Usoni

Anayetazama pambano la karate ya Kyokushin kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Wapiganaji wamesimama karibu karibu, mikono mitupu, hawana glavu wala kofia ya kinga. Wanatwangana ngumi za kifua na mbavu, wanapigana mateke ya mapaja mpaka mmoja aporomoke. Teke la kichwani ni halali, goti pia ni halali. Lakini ngumi ya usoni ni kosa. Iweje mchezo unaosifika kwa ukali uliache pigo ambalo hata watoto wakigombana mtaani huanza nalo?

Jibu la haraka ni kwamba ngumi tupu ikigonga mfupa wa uso huumiza pande zote mbili: huyu ang'oke meno, yule avunjike vidole. Ni kweli, ila jibu hilo linahusu siku ya mashindano tu, na mashindano ni sehemu ndogo ya maisha ya mwanakarate. Sababu nzito zaidi imo ndani ya mazoezi ya kila wiki.

Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa Kyokushin, alizaliwa Korea mwaka 1923 akahamia Japani akiwa kijana. Alijifunza mtindo wa karate wa Shotokan kwa mwalimu Gichin Funakoshi, kisha akaingia mtindo wa Goju-ryu. Karate iliyoenea wakati huo ilimfundisha mwanafunzi kulisimamisha pigo kabla halijamgusa mwenzake. Tatizo lake ni kwamba pigo lililoishia hewani huhukumiwa kwa macho ya mwalimu, na macho huvutiwa na umbo zuri. Pigo lililofika hujibiwa na mwili uliopigwa. Oyama alilitaka jibu hilo la mwili, na alilitaka mara nyingi, si mara moja kwa mwaka. Dojo lake, yaani ukumbi wake wa mazoezi, la Tokyo la miaka ya 1950 lilikuwa kali mno, na wengi walioingia hawakudumu. Mwaka 1969 alipoandaa mashindano ya kwanza ya Japani nzima, kanuni ilikuwa wazi: ukimwangusha mpinzani kwa pigo halali asiinuke ndani ya sekunde tatu, umeshinda.

Hadithi za Oyama kupigana na mafahali nitaziacha. Zimesimuliwa mno, na zinaficha yale yanayotokea kila jioni dojoni.

Chukua teke la paja. Mpigaji hugeuza mguu aliosimamia, kiuno kikafuata, halafu ugoko ukashuka kwenye nyama ya nje ya paja, kidogo juu ya goti. Teke la kwanza huuma, basi. La tatu au la nne likitua palepale, misuli hukaza na mguu ukaanza kuchelewa. Unauamuru uhame, nao unabaki. Hapo mwanafunzi hujifunza ambalo hotuba haiwezi kumfundisha: woga humfanya aegemee nyuma, na akiegemea nyuma mguu hubaki palepale ukipigwa. Nafuu yake ni kusogea mbele, au kuinua ugoko wake aupokee ule wa mpigaji. Kwa hiyo ujasiri hapa ni ufundi kabla ya kuwa sifa ya moyo. Unafundishika, na hushika kwa kurudiwa.

Marudio hayo hayawezekani kwa uso. Paja lililovilia damu hupona. Ubongo uliotikiswa kila Jumanne na Alhamisi una hesabu yake, na hesabu hiyo huja baadaye. Ndiyo maana naiona kanuni ya uso kuwa bei iliyolipwa ili mapigo mengine yote yawe ya kweli, mwaka baada ya mwaka, kwa fundi wa umeme na mwalimu wa shule, si kwa mabingwa peke yao.

Bei yenyewe si ndogo. Asiyezoea kupigwa ngumi usoni hushusha mikono bila kujua, akakaa karibu kuliko inavyofaa. Mwaka 1964 wapiganaji watatu wa Oyama walikwenda Bangkok kupambana na mabondia wa Thailand. Wawili walishinda, Kenji Kurosaki aliangushwa kwa kiwiko. Hakukaa akitafuta visingizio: baadaye alianzisha ukumbi wake wa kikiboksi, Mejiro, ambao mafunzo yake yalisambaa hadi Uholanzi. Takashi Azuma naye, bingwa wa Japani wa Kyokushin mwaka 1977, aliunda Daido Juku mwaka 1981, akarudisha ngumi za uso kwa kuwavisha wapiganaji kofia yenye kinga ya uso. Hao hawakuwa wasaliti. Waliiona kasoro wakaifanyia kazi, na mwalimu wa Kyokushin asiyewaeleza wanafunzi wake kasoro hiyo anawadhulumu.

Lipo jingine linaloniuma zaidi. Mazoezi ya kugusana kikamilifu yanasimama juu ya amana: mwenzako anakukabidhi mbavu zake ili ujifunze, nawe unamkabidhi zako. Kuinamiana kabla na baada ya pambano ni kuikiri amana hiyo. Hata lile jaribio la kupambana na watu mia moja mfululizo, alilolimaliza Steve Arneil mwaka 1965, mtu aliyekulia katika nchi ambayo leo ni Zambia, haliwezekani bila wenzako wengi kukubali kusimama mbele yako mmoja baada ya mwingine. Lakini wapo walimu wanaojificha nyuma ya neno nidhamu ili wapige watu. Mgeni anavunjwa mbavu wiki ya kwanza, kisha anaambiwa roho yake ni dhaifu.

Mzazi anayemtafutia mtoto dojo asidanganywe na vikombe vilivyopangwa kabatini. Akae pembeni jioni moja amtazame mwenye mkanda mweusi anapopangwa na mwenye mkanda mweupe. Kwa mwalimu mzuri atamwona yule mkubwa akipunguza nguvu bila kupunguza umakini: anampiga mdogo kiasi cha kumwonyesha ulinzi wake ulipofunguka, anamsubiri arudishe mikono, halafu anauachia mwili wake upokee teke la yule mdogo ili ajue limefika. Akiona kinyume chake, amchukue mtoto waondoke.