Kasia la Kazi, Kasia la Mbio

Rukuba ni kisiwa cha Ziwa Victoria, katika kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Katika visiwa kama hiki mtoto haanzi kwa kushika kasia. Huanza na kopo, akikaa katikati ya mtumbwi na kukumba maji huku wakubwa wakipiga kasia. Mikono ikikomaa hupewa kasia. Akishajua tabia ya upepo, huaminiwa kukaa nyuma na kuongoza chombo.

Kwangu mimi, mbio za mitumbwi zilizaliwa kwenye kazi ya uvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni, wachuuzi wamekwishajipanga, na anayewahi kufika ndiye anayewahi kuuza. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ana haraka kubwa zaidi, maana jua likimpiga bei yake inaanguka. Vijana wa mitumbwi miwili wanaorudi sambamba watashindana tu, hata bila filimbi. Kisha huja siku za mbalamwezi. Taa haiwavuti tena dagaa, wavuvi wanapumzika, na ubishi wa nani ana mikono unapata muda wa kumalizwa majini, wanawake na watoto wakishangilia ufukweni.

Baadaye wakaja wadhamini. Mashindano ya Balimi, yaliyobeba jina la bia, yalikutanisha wapiga kasia wa Kanda ya Ziwa, wanaume kwa wanawake. Lakini hayo yalikuwa ya watu wazima.

Kwingine vijana hawakusahauliwa. Huko Alaska, Joe Redington na wenzake walianzisha Iditarod, mbio za sleji za mbwa, mwaka 1973, walipoona pikipiki za theluji zinawaondoa mbwa wa kukokota sleji vijijini. Vijana wa miaka 14 hadi 17 nao wakapata mbio zao, Junior Iditarod. Ziwani kwetu injini ya kupachika inaliondoa kasia vivyo hivyo, na vijana wetu bado hawajatengewa mbio zinazostahili.

Natamani waanzishiwe: umbali mfupi, karibu na ufuko, asubuhi ziwa likiwa shwari, kila mmoja na jaketi okozi lake. Waamuzi wawe manahodha wazee wa mialo. Na kabla ya kushindana, kila timu ioneshe inavyougeuza mtumbwi uliopinduka na kuupanda tena, kwa kuwa injini ikizimika katikati ya maji, mawimbi yanaweza kuupindua mtumbwi.